William Still: Ndugu Aliyeuliza Majina na Kuyaandika



Katika jarida hili la kumbukumbu utakutana na majina mengi ya waliotutangulia. Najua wengi wetu tukifika kwenye orodha ya majina tunaruka, kama vile tunavyoruka zile sura za Biblia zenye fulani akamzaa fulani. Leo naomba usiruke. Kaa nami kidogo nikusimulie habari za ndugu mmoja wa Marekani aliyefariki mwaka 1902. Sehemu kubwa ya utumishi wake ilikuwa kuuliza watu majina na kuyaandika. Jina lake ni William Still.

William alizaliwa Oktoba 1821 kwenye jimbo la New Jersey, kitinda mimba katika nyumba ya watoto 18. Baba yake, Levin, alikuwa mtumwa huko Maryland, akajinunua mwenyewe kwa jasho lake. Mama yake, Sidney, hakupata nafasi hiyo. Alitoroka na watoto wanne kumfuata mume wake, wakakamatwa na kurudishwa. Akajaribu tena. Sasa wewe mama unayesoma hapa, hebu fikiria: safari ni ya usiku, kwa miguu, na watoto wanne huwezi kuwabeba. Aliondoka na wasichana wawili. Wavulana wawili, Levin mdogo na Peter, wakabaki.

Alipofika kwa mume wake, familia ilibadilisha jina la ukoo kutoka Steel kuwa Still, na mama akaanza kuitwa Charity, ili wenye kumwinda wasimjue. Wale wavulana waliuzwa mbali, Kentucky na baadaye Alabama. Levin mdogo alifia huko akiwa bado mtumwa. William alizaliwa miaka mingi baadaye, akakua akisikia mama akiwataja kaka zake ambao yeye hajawahi kuwaona.

Shule hakusoma sana. Alilima, akapasua kuni, akajifundisha kusoma na kuandika kwa bidii yake. Mwaka 1844 akahamia mjini Philadelphia, na mwaka 1847 akaajiriwa kwenye ofisi ya chama cha kupinga utumwa. Mshahara ulikuwa dola 3 na senti 75 kwa wiki. Alifagia ofisi na alishika kalamu pia. Ofisi hiyo ilikuwa kituo cha watu waliotoroka utumwa kutoka kusini, wakipitishwa nyumba hadi nyumba, mji hadi mji, kwa siri, mpaka Kanada. Njia hiyo waliiita reli ya chini ya ardhi, ingawa treni yake haikuwepo. Ilikuwa ni watu tu, weusi kwa weupe, waliokubali kufungua mlango usiku.

Basi, siku moja Agosti 1850 akaingia mwanamume wa makamo kutoka Alabama. Alikuwa amejinunua baada ya kutumika miaka zaidi ya 40, na sasa anatafuta wazazi wake. Hakujua wanakaa wapi. Alichobeba moyoni ni majina tu: baba ni Levin, mama ni Sidney, na kaka yake aliyefia Alabama naye aliitwa Levin. William alikuwa akimsikiliza kama alivyowasikiliza wengine. Majina yale yalipotajwa, mwili ukamwisha nguvu. Aliyeketi mbele yake alikuwa Peter, kaka yake mwenyewe, tumbo moja.

Baba yao alikuwa ameshafariki mwaka 1842. Lakini mama alikuwa hai, mzee wa karibu miaka 80, na Peter alipelekwa New Jersey akamwona. Jamani, baada ya miaka yote ile!

Ndugu msomaji, hapo ndipo William alipoiona kazi yake kwa macho mengine. Kama jina moja limemrudisha kaka yake, je, hawa wengine wote wanaopita ofisini? Waliotoroka wengi walibadilisha majina siku ile ile walipofika, kama mama yake alivyofanya. Usalama ulitaka hivyo. Lakini mtu akishabadilisha jina na kuvuka mpaka kwenda Kanada, mke wake aliyebaki nyuma atamtafuta kwa jina gani? Mtoto atauliza nini?

Kwa hiyo alikaa na kila mmoja akamwuliza. Jina la zamani na jina jipya. Umri. Ametoka wilaya gani, kwa bwana gani. Wazazi ni nani, wako wapi. Ameacha mke? Watoto wangapi, wanaitwaje? Yote akayaandika, hata pesa zilizotumika kumlisha na kumsafirisha.

Usidhani hiyo ilikuwa kazi nyepesi ya mezani. Mwezi mmoja tu baada ya Peter kupatikana, Septemba 1850, serikali ya Marekani ilipitisha sheria kali: anayemsaidia mtoro anaweza kutozwa faini hadi dola 1,000 na kufungwa miezi sita. Kila ukurasa alioandika ungeweza kumfunga yeye, na vibaya zaidi, ungeweza kumwonyesha mwindaji njia. Mtu mwenye busara ya kawaida angechoma karatasi. William alizificha. Alipima hatari mbili, ya kukamatwa na ya watu kupoteana milele, akaona hiyo ya pili ndiyo nzito zaidi.

Mwaka 1852 alichaguliwa kuongoza kamati ya kuwapokea watoro Philadelphia. Nyumba yake ilikuwa kimbilio, na mke wake, Letitia, mshonaji, alipokea wageni ambao hakuwajua. Harriet Tubman alipitisha kwake watu aliowatoa Maryland. Mwaka 1855 William alivuka mwenyewe hadi Kanada kuona jinsi waliofika wanavyoishi. Hakuwasahau walipovuka mpaka. Hapo nasi tujipime, maana ni rahisi kumpenda ndugu akiwa jirani na kumsahau akishagongewa muhuri.

Nayo furaha ya Peter haikuja bila gharama. Mke wake na watoto watatu walikuwa bado Alabama. Mzungu mmoja, Seth Concklin, alijitolea kwenda kuwatoa mwaka 1851. Walifika mpaka Indiana, wakakamatwa, na Concklin akafia mtoni. Peter akazunguka miji akisimulia habari zake na kuchangisha, mpaka akapata dola 5,000 za kuwakomboa. Waliungana naye.

Vita vilipokwisha na utumwa kufutwa mwaka 1865, William alizitoa zile kumbukumbu, na mwaka 1872 akachapisha kitabu kikubwa chenye habari za mamia ya watu, kwa majina yao. Alitaka ndugu waliopoteana wapate pa kuanzia. Mpaka leo wapo wanaowatafuta mababu zao humo.

Hakuishia hapo. Alifanya biashara ya makaa ya mawe akafanikiwa, akatumia nafasi yake kwa wengine. Alipigania miaka kadhaa haki ya watu weusi kupanda tramu za Philadelphia, mpaka sheria ikapita mwaka 1867. Alisaidia nyumba ya wazee, yatima wa askari na vijana, na kulitumikia kanisa lake la Kipresbiteri. Alilala tarehe 14 Julai 1902.

Sasa nirudi kwako. Ushirika wetu unavuka mipaka, na tunajua kwa nini. Kati yetu wapo waliokimbia usiku, waliolelewa kambini, waliosajiliwa kwa jina lisilo lao, wenye dada upande wa pili wa ziwa ambaye hawajamwona tangu utotoni. Tunaombeana, na ni vizuri. Lakini William aliomba na pia alishika kalamu.

Kwa hiyo nakupa kazi ndogo. Kabla sherehe hazijaisha, nunua daftari. Mkalishe bibi, babu, au mzee yeyote wa tawi lako. Mwulize jina lake la kuzaliwa, majina ya wazazi, kijiji, mlima au mto wa karibu, ndugu waliopoteana na mara ya mwisho walionana wapi. Usimlazimishe, maana mengine yanauma. Andika kwa herufi zinazosomeka, uhifadhi mahali salama. Na mgeni akija kanisani kwenu kutoka ng'ambo, usiishie kumpa kiti. Mwulize wazazi wake ni akina nani.

Huwezi kujua. Pengine anayejibu ni ndugu yako.