Kabla Utinde Nyusi Wikendi Hii, Soma Maisha ya Siti binti Saad, Mwimbaji Aliyechekwa Sura

Jumamosi ikifika Matasia utaona manzi amekaa mlangoni kwenye mwanga, kioo kidogo juu ya goti, wembe mkononi, anatinda nyusi. Anayejua kazi huchora laini kwanza na wanja, kisha ananyoa tu zile nywele zilizobaki nje, huku akivuta ngozi kidogo ili wembe usiteleze. Asiyejua huanza na wembe. Upande mmoja unapungua, anapunguza na wa pili zilingane, na kufikia saa sita mchana hana nyusi hata moja. Tumewaona wengi, hapa kati ya Ngong na Kiserian.

Hiyo penseli nyeusi jina lake limetoka mbali. Kule Pwani kulikuwa na wanja wa manga, unga mweusi wa jiwe. Manga ni Uarabuni. Na huko Unguja, miaka mia na kitu iliyopita, mwanamke kujipamba halikuwa jambo dogo. Watu walikuangalia wakaamua kama wewe ni mtu ama si mtu. Mwenye kuijua hiyo vizuri alikuwa Siti binti Saad.

Alizaliwa karibu 1880 kijijini Fumba, nje ya mji wa Unguja. Baba alikuwa wa asili ya Kinyamwezi, mama Mzigua, na wote wawili walikuwa watumwa. Mtoto akapewa jina Mtumwa. Ndio, hivyo tu. Siti, yaani bibi wa heshima, lilikuja baadaye, na ukiwaza vizuri utaona huyu dem alitembea safari nzima kutoka jina moja hadi lingine.

Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka wa 1897, yeye akiwa kigoli. Kabla ya hapo mwanamke mtumwa alivaa kaniki, kitambaa cheusi cha bei ya chini, na kujifunika kichwa mbele ya waungwana hakuruhusiwa. Kwa hivyo sheria ilipobadilika, kitu cha kwanza wanawake wengi walifanya ni kubadilisha mwonekano. Kaniki ikatupwa. Kanga za rangi zikaingia, buibui likafuata, na mikufu na wanja kwa aliyeweza. Ukisikia leo mtu akisema ati urembo ni upuuzi wa madem, mwambie kuna mahali watu walinyimwa ruhusa ya kupendeza.

Siti mwenyewe alikuwa hana kitu. Kwao walifinyanga vyungu, na yeye akavibeba kichwani kuviuza, akitembea na kuita wateja. Sauti ilikuwa inafika mbali kabla yeye hajafika. Shule hakwenda. Mwaka wa 1911 akaamua kuingia mjini kutafuta maisha, na huko akakutana na Muhsin Ali, mpiga udi, aliyeisikia ile sauti na kuanza kumfundisha kuimba.

Taarab wakati huo ilikuwa mambo ya wakubwa. Ilipigwa kwa Sultani na kwa matajiri wa Kiarabu, ikiimbwa kwa Kiarabu, na waimbaji walikuwa wanaume. Sasa anaingia mwanamke, mtoto wa watumwa kutoka shamba, anaimba Kiswahili mbele ya wanaume wanaopiga ala. Mji ukachachamaa.

Na walipomtafutia kosa, hawakugusa sauti. Walienda kwa sura. Siti hakuwa mrembo kwa vipimo vya mji ule, na inasimuliwa kuwa mara nyingi aliimba uso wake ukiwa umefunikwa. Wapinzani wakamtungia wimbo wa kumchamba: tangu lini huyu akawa mtu, si juzi tu ameingia mjini na kaniki yake, na kama si hiyo sauti angekula nini. Angalia walivyopanga hayo maneno. Sura, nguo na ukoo, vyote kwa wimbo mmoja mfupi. Hata hawa wa kuchambana mitandaoni siku hizi hawajafika hapo.

Siti hakulia wala kukimbia Fumba. Alijibu kwa wimbo pia, na jibu lenyewe halikujaribu kudai kuwa yeye ni mrembo. Alisema sura nzuri na ukoo mkubwa si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Akawaachia hapo. Kwa maoni yangu hilo ndilo jibu kali zaidi kwenye historia yote ya taarab, kwa sababu alikataa kabisa kushindana kwa mizani yao.

Halafu mambo yakalipuka. Mwaka wa 1928 kampuni ya His Master's Voice ikampeleka yeye na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri, na nyimbo za Kiswahili zikaanza kuchezwa kwa gramafoni kote pwani ya Afrika Mashariki, Mombasa na Lamu ndani. Mwanamke aliyekuwa akiuza vyungu sasa sauti yake ilikuwa inauzwa madukani. Aliimba kwa jumba la Sultani, na bado akaimba Ng'ambo, mtaa wa wavuja jasho ng'ambo ya mkono wa bahari, ambako majirani walijazana kumsikia.

Na hakuimba mapenzi pekee. Wimbo wake wa Kijiti ulimhusu mwanamume aliyemuua mwanamke kisha akavuka kwenda bara, huku wanawake waliotoa ushahidi wakiishia kuadhibiwa wao. Siti aliitaja kesi hiyo wazi, chini ya serikali ya Waingereza, na watu wakajua mahakama ilivyofanya kazi.

Alipozeeka, wembamba wa sauti ulibadilika lakini heshima ilibaki. Mwandishi Shaaban Robert alikutana naye miaka ya mwisho na kumwandikia wasifu, kitabu ambacho wanafunzi wengi wamepitia. Siti alifariki mwaka wa 1950. Bi Kidude, yule bibi wa Unguja aliyetamba jukwaani hadi uzeeni, alijifunza kwa kumsikiliza yeye, na chama cha wanahabari wanawake Tanzania, TAMWA, jarida lao walilipa jina la Sauti ya Siti.

Picha yake inayojulikana ukiitafuta utaipata. Mwangalie uso, kisha tafuta Kijiti uisikilize.