Mama aliyenyimwa alichoomba

Wazazi wengi hutujia sisi mapadre wakiuliza kwa nini Mungu hasikii. Wamemwombea mtoto wao miaka na miaka, naye anazidi kupotea. Ndugu msomaji, Dominika hii tumtazame mama aliyeishi na swali hilo: Mtakatifu Monika.

Alizaliwa karibu mwaka 331 huko Thagaste, Afrika ya Kaskazini, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Aliolewa na Patricius, mpagani mwenye hasira za haraka na asiye mwaminifu katika ndoa. Monika alimvumilia na kumwombea, na Patricius alibatizwa muda mfupi kabla ya kufa.

Msalaba mzito zaidi ulikuwa mwanawe Augustino. Kijana huyo mwenye akili nyingi alikwenda kusoma Karthago, akaishi na mwanamke bila ndoa na kuzaa naye mtoto. Kisha aliiacha imani ya mama yake, akajiunga na Wamanikei, waliofundisha kwamba nuru na giza ni nguvu mbili zinazoshindana tangu milele. Monika alimlilia Mungu mchana na usiku.

Mwaka 383 Augustino aliamua kwenda Roma. Mama alimfuata hadi pwani, akamng'ang'ania. Augustino alimdanganya kwamba anamsindikiza tu rafiki anayengoja upepo, akamshawishi abaki usiku ule katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani, karibu na merikebu. Monika alikesha humo akilia na kuomba jambo moja: mwanawe asisafiri. Kulipokucha, merikebu ilikuwa imekwenda.

Tusimame naye kidogo hapo ufukweni. Ameomba kwa imani, ameomba kwa machozi, na amenyimwa. Lakini kutoka Roma, Augustino alipata kazi ya ualimu huko Milano, na huko alikutana na Askofu Ambrosi, ambaye mahubiri yake yalianza kumfungua macho. Kama ombi la usiku ule lingekubaliwa, angebaki Karthago, mbali na Ambrosi. Baadaye Augustino mwenyewe aliandika katika Maungamo yake kwamba Mungu alikataa alichoomba mama usiku ule ili atimize alichokuwa akiomba siku zote.

Monika hakuyajua hayo asubuhi ile. Alilia, alilalamika, kisha akarudi kwenye sala zake. Baadaye alivuka bahari kumfuata mwanawe. Usiku wa Pasaka mwaka 387, Ambrosi alimbatiza Augustino huko Milano. Mwaka huohuo, wakiwa njiani kurudi Afrika, Monika alifariki Ostia, bandari ya Roma. Hakujali tena azikwe wapi. Aliomba tu wanawe wamkumbuke kwenye altare ya Bwana.

Ndugu yangu, kudumu katika sala si kumlazimisha Mungu apite njia tuliyomchorea. Ni kuendelea kumwamini hata anapopita njia nyingine. Siwezi kukuahidi kwamba utayaona matunda kwa macho yako kama Monika. Lakini kama leo umeamka ukakuta merikebu imeondoka, mtoto amehama nyumbani, simu zako hapokei, usiseme Mungu amekataa. Huenda amekataa ombi la usiku mmoja tu. Piga magoti tena jioni hii, umtaje mwanao kwa jina.

Mtakatifu Monika, utuombee.