BIBI TITI: MADARAKA KAACHA, KESI IKAMFUATA

Wadau, wengi wetu hapa Babati jina la Bibi Titi Mohamed tunalijua kama barabara tu ya kule Dar. Kumbe mama huyu, mzaliwa wa 1926, ndiye aliyewaingiza akina mama TANU kwa maelfu kuanzia 1955. Baada ya uhuru akawa mbunge na waziri mdogo. Ubunge ukamtoka 1965. Azimio la Arusha la 1967 likakataza viongozi kupangisha nyumba, yeye alikuwa nazo, akajiuzulu uongozi wa chama.

Ukadhani yameisha? Oktoba 1969 akakamatwa kwa uhaini. Kinara aliyetajwa, Oscar Kambona, waziri wa zamani, alikuwa zake Uingereza. Mwaka 1971 mama akapewa kifungo cha maisha! 1972 Nyerere akamwachia. Alifariki 2000.

Ila mashitaka yake yalihusu 1968 na 1969, keshakuwa raia wa kawaida. Kwa rais ni ngoma nyingine: ibara ya 46 ya Katiba inakataza kumshitaki rais mstaafu kwa aliyofanya kama rais, labda awe aling'olewa na Bunge. Sasa jamani, Bunge litamng'oaje mtu ambaye keshaondoka?