Hubertine Auclert na neno Mfaransa

Sisi wanafunzi wa lugha tunafundishwa mapema kwamba katika Kifaransa jinsi ya kiume hubeba jinsi zote mbili. Wanawake mia wakikaa na mwanamume mmoja, kivumishi humfuata yule mwanamume. Tunaandika kanuni hiyo daftarini, tunafanya mtihani, tunasonga mbele. Nimechagua kusimulia maisha ya mwanamke ambaye hakukubali kusonga mbele. Hubertine Auclert aliuliza kanuni hiyo inafanya kazi gani ikishaingia ndani ya sheria, na swali hilo lilichukua umri wake wote.

Alizaliwa tarehe 10 Aprili 1848 katika eneo la Allier, katikati ya Ufaransa, katika familia yenye mashamba na mali ya kutosha. Mwezi Februari wa mwaka huo mapinduzi yalikuwa yamemwondoa mfalme, na mwezi Machi serikali mpya ikatangaza kura kwa wote. Uchaguzi ulifanyika tarehe 23 Aprili, Hubertine akiwa na siku 13 tu duniani. Vitabu vingi vya historia vinauita uchaguzi ule wa wote, lakini waliopiga kura walikuwa wanaume peke yao. Hata mama aliyekuwa akimnyonyesha mtoto huyo hakuhesabiwa.

Alilelewa na kusomeshwa na watawa, na ujanani alitamani kuwa mtawa, lakini hakupokelewa. Baba yake alifariki mapema, na urithi aliomwachia ulimwezesha kuishi bila kumtegemea mume. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 alihamia Paris, akajiunga na kundi la Léon Richer na Maria Deraismes lililotetea haki za wanawake. Hao walitaka kwanza kurekebisha Sheria ya Kiraia ya mwaka 1804, iliyomfanya mke awe kama mtoto mbele ya mumewe: hakuweza kufunga mkataba wala kwenda mahakamani bila idhini yake. Kura waliona ingoje. Waliogopa kwamba wanawake wangepiga kura kwa kuwafuata mapadre na kuiangusha jamhuri changa.

Auclert aliona mambo kwa upande mwingine. Sheria hutungwa na wabunge, na mbunge hamwogopi mtu asiyeweza kumnyima kiti. Bila kura, wanawake wangeendelea kuomba, na anayeomba hupewa siku mpaji akipenda. Mwaka 1876 alianzisha chama chake kilichoitwa Haki ya Wanawake, na mwaka 1883 akakibadilisha jina kuwa Kura ya Wanawake, ili pasiwe na shaka juu ya nia yake. Mwaka 1878 waandalizi wa mkutano wa kimataifa wa haki za wanawake mjini Paris walimzuia kuzungumzia kura, naye akaichapisha hotuba yake pembeni. Mwaka uliofuata alikwenda kwenye mkutano wa wafanyakazi mjini Marseille, na huko wajumbe walipitisha azimio la kukubali usawa wa wanawake na wanaume.

Mwaka 1880 ndio unaonivutia zaidi kama mwanafunzi wa lugha. Auclert alikwenda kujiandikisha kuwa mpiga kura. Sheria ya uchaguzi ilisema Wafaransa, naye alikuwa Mfaransa. Akajibiwa kwamba hapo neno Français lina maana ya wanaume. Alirudi nyumbani akaichukua sheria ya kodi, akakuta neno ni lilelile. Basi akatangaza kwamba hatalipa. Kama neno halimhusu kwenye sanduku la kura, haliwezi kumhusu kwenye dirisha la kodi, maana neno moja haliwezi kuwa na maana mbili kwa faida ya upande mmoja. Kesi yake ilipanda hadi Conseil d'État, mahakama ya juu kabisa katika mambo ya utawala, na huko akashindwa. Maofisa wa mahakama walipofika kukamata vyombo vyake vya nyumbani, ikabidi asalimu amri. Hata hivyo magazeti yalikuwa yameieneza habari hiyo, na watu wengi walikuwa wamelazimika kulitazama upya neno walilodhani wanalijua.

Tarehe 13 Februari 1881 alitoa toleo la kwanza la gazeti lake, La Citoyenne. Jina lenyewe lilikuwa hoja, kwa kuwa lilimtaja raia wa kike katika nchi ambayo raia kamili alikuwa wa kiume tu. Baadaye, katika miaka ya 1890, alidai wazi kwamba kamusi ya Kifaransa iongezewe majina ya kike ya wakili, shahidi, mpiga kura na mengine. Aliona kwamba kazi isiyo na jina la kike ni rahisi kumnyima mwanamke. Mabishano ambayo wahadhiri wetu wanatueleza leo, juu ya majina ya kike ya vyeo katika Kifaransa, yeye aliyaanza zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Mwaka 1888 aliolewa na Antonin Lévrier, mwanasheria, akamfuata Algeria, koloni la Ufaransa. Bila yeye gazeti lilidhoofika, likafungwa mwaka 1891. Mumewe alifariki mwaka 1892, naye akarudi Paris. Mwaka 1900 alichapisha kitabu juu ya wanawake wa Kiarabu wa Algeria, akishutumu utawala wa kikoloni kwa kuvumilia ndoa za wasichana wadogo na kuwanyima elimu.

Hapa siwezi kupita haraka, maana ninaandika nikiwa Kongo. Dawa aliyoipendekeza kwa Waalgeria ilikuwa wafanywe Wafaransa zaidi. Ukoloni wenyewe hakuupinga. Tena aliandika akilalamika kwamba wanaume weusi wa baadhi ya makoloni wanapiga kura, ilhali wanawake weupe wamenyimwa. Alitaka kuwaaibisha wabunge wa Paris, na ngazi aliyopandia ilikuwa mgongo wa mtu mwingine. Aliyegundua kwamba neno Mfaransa linaficha nusu ya watu hakujiuliza neno mwanamke, mdomoni mwake mwenyewe, lilikuwa linaficha nani. Simtoi katika orodha ya mashujaa kwa sababu hiyo, ila nakataa kusimulia ushujaa wake bila kuitaja.

Uzee haukumpoza. Mwezi Mei 1908, akiwa na miaka 60, aliingia katika kituo cha uchaguzi wa manispaa mjini Paris, akalipindua sanduku la kura na kulikanyaga. Alishtakiwa, akatozwa faini. Mwaka 1910 alijitangaza mgombea wa ubunge, ingawa sheria haikumtambua. Alifariki mwezi Aprili 1914 bila kupiga kura hata mara moja.

Haki hiyo ilikuja miaka 30 baadaye, kwa amri ya tarehe 21 Aprili 1944, nayo ilitolewa Algiers, mji mkuu wa koloni alilowahi kuishi. Wafaransa wanawake walipiga kura ya kwanza mwezi Aprili 1945. Wanawake Waislamu wa Algeria walingoja hadi mwaka 1958. Neno lilikuwa limefunguliwa mlango mmoja na kufungwa mwingine.

Mtu anaweza kudhani Kiswahili kimetuepusha na shida hii. Raia, mwananchi, mpiga kura: maneno haya hayana kiume wala kike, na ngeli ya A-WA humpokea kila mtu. Lakini katika uchaguzi wa Mei 1960, uliotangulia uhuru wa Kongo, waliopiga kura walikuwa wanaume. Mama zetu na bibi zetu walipata haki hiyo mwaka 1967. Neno lilikuwa pana, sheria ikalibana. Ndiyo maana naona somo la Auclert linatufaa hata sisi tusio na jinsi katika nomino zetu. Wengi wetu tutaondoka hapa tukiwa walimu, wakalimani na watafsiri wa sheria. Kila tutakapoandika watu wote, kazi yetu itakuwa kuuliza ni akina nani wanaohesabiwa humo, na kuuliza kabla daftari la wapiga kura halijafungwa.