Maisha ya Shaaban Robert, Karani na Mtunzi wa Tanga

Mara nyingi wasomaji wetu wa Handeni na Korogwe wamesomewa habari za watu wakubwa waliozaliwa na kufa ng'ambo ya bahari. Mwezi huu hatutakwenda mbali. Twataka kueleza maisha ya mtu wa pwani yetu wenyewe, aliyefanya kazi Pangani, mahali ambapo maji yapitayo chini ya daraja la Korogwe huingia baharini. Mtu huyo ni Shaaban Robert.

Wengi wamjua kwa mashairi yake, nayo yastahili sifa. Lakini sisi twaona yafaa kumweleza hapa zaidi kwa hadithi zake na insha zake. Mashairi na tenzi za Kiswahili zilikuwapo karne nyingi kabla hajazaliwa, nao mabingwa wa Lamu, Pate na Mombasa walikwisha kutangulia njia hiyo. Nathari ilikuwa jambo jingine. Alipoanza yeye, vitabu vingi vya hadithi vilivyosomwa shuleni vilikuwa tafsiri za vitabu vya Wazungu, na Waafrika walioandika hadithi ndefu kwa fikira zao wenyewe walikuwa wachache mno. Twamkumbuka James Mbotela, ambaye kitabu chake juu ya uhuru wa watumwa kilitoka mwaka 1934. Wengine wa namna yake hawakuwa wengi.

Shaaban alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini ya mji wa Tanga, wakati nchi ilipokuwa chini ya Wadachi. Wazazi wake asili yao ni Wayao. Jina la Robert huwashangaza wengine, wakadhani ya kuwa alikuwa Mkristo. Sivyo, Robert ni jina la baba yake, na mwenyewe alikuwa Mwislamu maisha yake yote. Alikuwa mtoto wa miaka mitano tu Waingereza walipojaribu kuiteka Tanga mwezi wa Novemba 1914, wakashindwa. Vita ilipokwisha nchi ikawa mikononi mwa Waingereza wale wale, na kwa ajili hiyo shule aliyosoma ilikuwa yao. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hata 1926, akapata cheti chake. Elimu ya darasani ikaishia hapo. Mengine yote aliyoyajua aliyapata kwa kusoma mwenyewe.

Mwaka ule ule wa 1926 akaingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha, akakaa humo hata 1944. Yapasa tufikiri kidogo kazi hiyo ilivyokuwa. Karani wa forodha huandika mizigo iingiayo na itokayo, huhesabu ushuru, hutia muhuri, na kesho huanza tena. Katika zama zile karani Mwafrika hakuweza kupanda daraja la juu, hata awe hodari namna gani; vyeo vikubwa vilikuwa vya Wazungu, na vingi vya katikati vilikuwa vya Wahindi. Basi mtu mwenye akili nyingi aliketi miaka kumi na minane katika kazi isiyodai ila sehemu ndogo ya akili hiyo. Wengine katika hali kama ile waliingia katika ulevi, au uchungu. Yeye aliitumia kalamu ile ile ya ofisini, saa za ofisi zilipokwisha, kwa kazi yake mwenyewe.

Kazi hiyo ilianza kuonekana katika miaka ya 1930 katika Mambo Leo, gazeti la serikali lililotoka kila mwezi Dar es Salaam tangu 1923, na ambalo makarani na waalimu walipashana humo mashairi. Jina la Shaaban Robert likajulikana kwa watu ambao hawakumwona uso wake.

Nyumbani kwake hapakukosa msiba. Mke wake Amina alifariki angali kijana, akamwachia watoto. Shairi alilomtungia lajulikana na wasomaji wengi wa Kiswahili, wala hatutaki kulieleza, maana lajieleza. Watoto hao ndio walioandikiwa tenzi mbili za mausia: Utenzi wa Hati kwa binti yake Mwanjaa, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe Suleiman. Aliziweka zote mbili katika kitabu alichokiita Maisha Yangu, kilichochapishwa mwaka 1949. Kwa Mwafrika wa Tanganyika kuandika na kupiga chapa habari za maisha yake mwenyewe, si za chifu wala za msafiri Mzungu, lilikuwa jambo jipya. Sehemu ya pili, Baada ya Miaka Hamsini, ilikuja baadaye, alipokwisha kuufikia umri huo.

Mwaka 1944 aliacha forodha akahamishiwa bara, akatumika Mpwapwa. Mwaka 1946 akarudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya hata 1952, kisha katika ofisi ya upimaji wa ardhi hata 1960. Haya ndiyo yote tutakayosema juu ya kazi zake za mshahara. Lakini msomaji asiisahau tarehe ya 1951, wakati alipokuwa angali karani katika ofisi ya serikali. Kwa maana mwaka huo ndipo kitabu cha Kusadikika kilipotoka.

Kusadikika ni jina la nchi. Nchi hiyo iko angani; na huo ni ucheshi wa mtunzi, kuipa jina la kusadikika nchi ambayo hapana mtu angeweza kuisadiki. Ndani yake yuko kijana mmoja, Karama, aliyetaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Waziri Majivuno amshtaki mbele ya mfalme kwa jambo hilo, kana kwamba mtu akijua sheria amekwisha kuwa adui wa nchi. Karama apewa nafasi ya kujitetea. Badala ya kujisemea mwenyewe, asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa zamani: wanne kwa pande nne za dunia, mmoja mbinguni, mmoja ardhini. Kila mmoja alipata taabu kubwa njiani, akarudi na mashauri mema kwa ajili ya nchi yake, na kila mmoja alipofika alitiwa gerezani. Mwisho Karama ashinda, na wale sita wafunguliwa.

Watu wamebishana sana juu ya kitabu hiki. Wako wasemao kwamba Kusadikika ni Tanganyika chini ya Waingereza, na Majivuno ni watawala waliochukia kumwona Mwafrika akidai haki yake. Wengine wasema kwamba mtunzi alikuwa mtu wa adili tu, akifundisha juu ya udhalimu wa popote. Sisi twaona ya kuwa hakuna haja ya kuchagua. Karani aliyekula mshahara wa serikali hakuweza kuandika wazi kwamba serikali huwafunga wale wanaoiletea mashauri mema. Aliiweka nchi hiyo angani, akawapa watu wake majina ya sifa na ya makosa, kisha akasema kila alilotaka kusema. Nacho kitabu kikapigwa chapa na kampuni ya Kiingereza! Hatujui ushujaa mwingine wa kalamu ulio mtulivu kama huu katika vitabu vya Kiswahili vya miaka ile. Tena tazameni jambo analolitaka Karama: si kiti cha mfalme, wala mali, ila watu wafundishwe sheria wanayohukumiwa kwayo.

Mwaka uliofuata, 1952, kikatoka kitabu cha Adili na Nduguze. Mwenye kuzijua hadithi za Alfu Lela Ulela ataitambua asili yake, kwa kuwa mtunzi alilichukua shina la hadithi ya zamani akalipandikiza kwetu. Adili ni liwali wa Janibu, mtu mwema apendwaye na raia. Mtu wa mfalme amtembeleaye, jina lake Ikibali, agundua usiku kwamba liwali huyu mwema ana manyani wawili, naye huwapiga, ingawa moyo wake waumia. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomfanyia uovu mkubwa wakageuzwa, na Adili ameamriwa awapige kila usiku. Hadithi yaishia katika msamaha, nao ndugu warudi kuwa watu. Hapa kazi yake ni laini kuliko ile ya Kusadikika, na twakiri ya kuwa majina kama Adili, Hasidi na Mwivu humwambia msomaji mapema mno atakalolikuta. Hili ndilo kosa la Shaaban Robert, ikiwa ni kosa: watu wake wema ni wema tangu ukurasa wa kwanza hata wa mwisho, na mara nyingine wasema kama watu walioketi kwenye mimbari. Lakini Kiswahili chake chatiririka hata tukasamehe.

Kitabu kimoja hakina kasoro hiyo, nacho ni Wasifu wa Siti Binti Saad, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1958 katika jarida la kamati ya Kiswahili. Huenda sababu ni kwamba Siti alikuwa mtu wa kweli. Alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, kwa watu maskini. Akauza vyungu vya udongo, akahamia mjini, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 akavuka bahari hata Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950. Waungwana wengine walimdharau kwa asili yake na kwa sura yake. Shaaban Robert alimchukua mwanamke huyo, ambaye hakuwa malkia wala binti wa chifu, akaandika maisha yake kwa heshima ile ile ambayo wengine waliwawekea masultani. Mwalimu mwenye kutaka wanafunzi wake wajue namna ya kuandika maisha ya mtu awape kitabu hiki.

Sasa insha. Neno hili kwa wengine ni kazi ya darasani tu, ambayo mwalimu huisahihisha kwa wino mwekundu. Kwa Shaaban Robert lilikuwa jambo kubwa zaidi: mtu hushika neno moja, akalitazama huku na huku, akalipima, akamwachia msomaji alipime pia. Mwaka 1954 alitoa Kielezo cha Insha, na mwaka 1959 Insha na Mashairi. Insha zake ni fupi, na sentensi zake zimepimwa kama mizani ya shairi. Kielezo cha Insha kilipigwa chapa Johannesburg, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kama kilivyopigwa Pambo la Lugha kabla yake. Ni ajabu kidogo kufikiri ya kwamba maneno ya karani wa Tanga yalisafiri mpaka nchi ile, iliyokuwa katika miaka hiyo hiyo ikitunga sheria kali za kuwatenga watu kwa rangi zao, ndipo yakarudi kwetu yakiwa kitabu.

Nyuma ya insha hizo palikuwa na imani moja ambayo hakuiacha. Wakati ule wengi waliosoma walidhani Kiswahili ni lugha ya soko na ya kuamrishana kazi, na kwamba mawazo makubwa yataka Kiingereza. Yeye alikataa, akaketi katika kamati za lugha pamoja na wataalamu wa Kizungu, na hasa akaandika kitabu juu ya kitabu ili jambo lenyewe lionekane. Hata mashairi ya Omar Khayyam aliyatia katika Kiswahili. Serikali ya Kiingereza ilimpa nishani ya MBE, naye alipata pia medali ya Margaret Wrong kwa ajili ya utunzi wake. Mjini Tanga alikuwa mjumbe wa baraza la mji.

Hata hivyo vitabu vyake vikubwa kadha wa kadha vilikaa sandukuni. Mmojawapo wawahusu sana wakulima wa Handeni: Utubora Mkulima, habari za mtu aliyeacha kazi ya mshahara mjini akaenda kijijini Busutamu kulima kwa mikono yake, watu wakimwona amepotea akili. Mtunzi aliyeandika hayo alibaki karani hata 1960. Aliuona uhuru wa Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961, akaishi miezi sita tu baada yake. Alifariki Tanga mwezi wa Juni 1962, umri wake miaka 53, akazikwa Machui, karibu na mahali alipozaliwa.

Vitabu vilivyongoja vikatoka mwenyewe asipokuwapo. Utenzi wa Vita vya Uhuru, utungo mrefu sana juu ya vita ya 1939 hata 1945, ulichapishwa mwaka 1967. Karibu na wakati huo huo kikatoka Kufikirika, na mwaka 1968 Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote. Dar es Salaam iko shule ya sekondari yenye jina lake, na barabara pia, ile ipitayo mbele ya Makumbusho ya Taifa. Tena mwaka 2002 zilipigwa chapa barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge tangu 1931 hata 1958. Humo hayumo bingwa wa lugha aliyevaa nishani. Yumo karani anayemwandikia ndugu yake habari za nyumba na za kazi, na za vitabu ambavyo bado havijapata mchapishaji.