Harry Johnston na mizizi ya maneno yetu

Wengi wetu hapa Niania tunajua okapi. Lakini ni wachache wanaojua ule muzungu ambaye wataalamu walipachika jina lake kwa nyama huyo: Okapia johnstoni.

Harry Johnston alizaliwa London mwaka 1858. Alisomea uchoraji, lakini maneno ya watu njo yalimushika sana. Mwaka 1883 alifika kwenye muto Congo, mwaka 1884 Kilimanjaro, na kila pahali alikuwa anaandika namna wenyeji wanavyoita vitu na kuhesabu. Tusifiche jambo: alikuwa pia mukubwa wa serikali ya Uingereza, akatumikia ukoloni kule Nyasaland na Uganda.

Mwaka 1900, akitokea Uganda, alivuka Semliki akaingia musitu wetu wa Ituri. Alikuwa anarudisha kwao Bambuti ambao mufanyabiashara mumoja aliwakamata ili awaonyeshe Paris. Ni wao walimueleza habari ya okapi, na jina lenyewe limetoka kwa kinywa cha watu wa musitu. Jina la muzungu liliandikwa; majina yao, hapana. Sisi watu wa sendika tunajua hesabu ya namna hiyo: mwenye kuchimba hatajwi.

Kazi yake kubwa ilitoka kwa vitabu viwili, 1919 na 1922, akilinganisha mamia ya lugha za Kibantu na zile za karibu nazo. Njia yake si ngumu. Chukua tatu ya Kiswahili, misato ya Lingala, isatu ya Kinande. Chukua mutu, moto, omundu. Neno moja kufanana ni bahati tu. Maneno mengi yakifanana kwa utaratibu uleule, hapo kuna muzizi mumoja.

Lakini tuwe macho. Saba yetu inafanana na sab'a ya Kiarabu, na sheva ya Kiebrania, hata na sieben ya Kijerumani. Basi sisi ni ndugu za Wajerumani? Kiarabu na Kiebrania ni ndugu kweli. Saba yetu ilikuja na biashara ya pwani, pamoja na sita na tisa. Neno linazaliwa nyumbani, ao linaazimwa kwa jirani.

Johnston alikufa mwaka 1927. Somo limebaki, na kwetu si la shule tu. Kwenye mashimo ya dhahabu tunasikia mutu akiitwa mugeni juu ya lugha yake. Kumbe hapa Ituri Bahema wa kusini wanasema lugha ya Kibantu, na ndugu zao wa kaskazini wanasema Kilendu, ambacho si Kibantu. Lugha haipimi damu. Inaonyesha tu nani aliishi na nani, nani alifundisha nani. Mwenzako wa shimo akisema neno usilolijua, muulize maana yake, kisha shikeni kamba pamoja.