NANI ANAILINDA NYUMBA YENU?

Kijana mwenzangu, hebu simama kidogo usome karatasi hii kabla hujaitupa.

Mimi nimekulia Handeni. Nilifungwa hirizi nikiwa bado mchanga, na juu ya mlango wetu palining'inia kichupa cha dawa. Wewe wa Mkata, Segera, Mombo au Korogwe mjini unayajua mambo haya. Mtu akiugua nyumbani, hawaulizi ana ugonjwa gani. Wanauliza nani kamfanyia. Kisha anatajwa shangazi, anatajwa bibi, na ukoo unavunjika. Sasa nakuuliza: ile dawa imeilinda nyumba, au imeibomoa?

Sikia habari za mtu mmoja. Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, Ujerumani, mtoto wa mkulima. Alimpa Yesu maisha yake, akasoma chuo cha wamisionari huko Basel, Uswisi, na mwaka 1837 akatumwa Uhabeshi. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich huko Misri. Wakiwa safarini nyikani walipata binti, naye akafa hapo hapo njiani. Wakampa jina la Kihabeshi ambalo maana yake ni Chozi.

Mwaka 1844 wakafika Mombasa. Tarehe 6 Julai Rosine akajifungua binti mwingine. Siku chache tu, homa kali ikamkamata, na Krapf mwenyewe naye akalala hoi. Angalia yule mama alifanya nini kitandani. Hakutafuta mchawi. Aliwaombea ndugu zake, akaiombea Afrika Mashariki, akamwombea hata mtawala wa nchi. Tarehe 13 Julai akafariki. Hazikupita siku nyingi, mtoto naye akamfuata. Wakazikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa.

Najua unasema moyoni: sasa huyo Mungu wake alikuwa wapi? Ndugu yangu, sitakudanganya. Mtu aliyeokoka anaugua, na anafiwa. Anayekuambia ukiokoka hutafiwa anakuuzia hirizi nyingine, ila hii imeshonwa kwa kitambaa cha kanisa. Tazama kitu gani kililindwa. Kifo kiliingia nyumbani mwa Krapf, lakini chuki haikuingia. Hakumnyoshea jirani kidole. Tumaini lake halikutoka, maana alijua Yesu amefufuka na wapendwa wake wale hawakupotea. Aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile ni dalili kuwa kazi imeanza, basi walete watu wengine.

Akaendelea. Tayari alikuwa ameanza kutafsiri Biblia kwa Kiswahili, lugha hii hii unayoisoma. Mwaka 1846 alikwenda kuanza kituo Rabai pamoja na mwenzake Johannes Rebmann, wote wawili wana homa. Mwaka 1848 akafika huku kwetu. Alipanda milima ya Usambara, ile unayoiona ukisimama Mombo, mpaka Vuga kwa Mfalme Kimweri, akamweleza habari za Yesu. Mwaka 1852 akarudi tena.

Kimweri alikuwa wa ukoo wa Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Nguu, upande wetu wa Handeni. Wazee wanasimulia kwamba ndugu zake Mbegha walimtenga, eti ana mkosi, kwa sababu meno yake ya juu yalitangulia kuota. Unaona? Hofu hii haikuanza leo. Imefukuza watoto katika nyumba zetu tangu zamani.

Mwaka 1853 afya mbovu ilimrudisha Krapf Ulaya. Tarehe 26 Novemba 1881, huko Korntal, Ujerumani, walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Alikuwa anaomba. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata. Mtu aliyezika mke na watoto alimaliza safari yake akiwa bado anaongea na Mungu. Huo ndio ulinzi.

Na wewe je? Labda unasema, mimi ni mtoto tu pale nyumbani, baba ndiye mwenye nyumba. Lakini mlinzi wa usiku ni mmoja, na wengine wote wanalala. Anza wewe. Mpe Yesu moyo wako. Acha bangi na gongo, maana huwezi kulinda mlango ambao wewe mwenyewe umeubomoa. Kila jioni waombee wa kwenu kwa majina yao. Akiugua mtu, mpeleke hospitali upesi, na umwombee njiani. Wakitaja mchawi, wewe usitaje. Nenda kamsalimie yule shangazi aliyetengwa, mchotee maji. Na wazazi usiwatukane kwa sababu ya hirizi zao. Waheshimu, waone badiliko lako, watauliza wenyewe.

Kama umeamua, sema maneno haya kwa moyo wote:

Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nilitumainia vitu visivyoweza kuniokoa. Nisamehe, unioshe kwa damu yako. Kuanzia leo ingia nyumbani mwetu kupitia mimi. Ondoa hofu, ondoa chuki kati ya ndugu. Siku ya furaha na siku ya msiba, uwe nasi. Amina.

Umeomba? Basi usibaki peke yako. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu karibu na kwenu, uwaambie wakuombee. Na leo jioni, kabla ya kulala, piga magoti kando ya kitanda au mkeka wako, anza kutaja majina ya watu wa kwenu.